Mikono ya Muzazi
Somo juu ya wazazi walio vilema katika nyumba ya Mungu

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 29:31-35, 2 Samweli 4:4 na 9:1-13, 1 Nyakati 8:34-40, Luka 1:18-22 na 1:57-64, Yohana 9:1-3.



Somo hili lilipashwa kufundishwa zamani. Sisi mashemasi wa parokia tulilichelewesha, na sababu ya kuchelewa ni haya. Mutasikia chini ni haya gani.

Katika kanisa letu tunapenda neno «muzazi». Tunaita wakubwa wetu Papa na Mama, na hata kijana asiyekuwa na mutoto, akipewa kazi katika parokia, tunaanza kumuita papa. Lakini kuna watu ambao wamezaa kweli, wameteseka kweli, na sisi hatuwaiti hivyo. Tunawaita kwa kilema chao. Tunasema: «yule kiwete wa karibu na soko», «yule kipofu», «bubu wa kartie». Mutoto wake anasikia. Anarudi nyumbani na kuuliza: Mama, kumbe jina lako ni Kiwete?

Tuanze na jambo lililotokea kwetu wenyewe.

Kulikuwa dada mumoja kati yetu aliyeshikwa na polio akiwa mudogo. Miguu yake haikukua. Alitembea kwa mikono, na viatu alivivaa mikononi. Alikuwa mwimbaji, sauti yake ilijulikana. Siku moja ilionekana kwamba ana mimba. Wapendwa, tujisikie namna tulivyosema siku zile. Kwa dada mwingine tungeuliza: baba wa mutoto ni nani, na familia zimeonana? Kwa huyu tuliuliza: nani alimufanyia mubaya hivi? Hatukufikiri hata kidogo kwamba mwanamume angeweza kumupenda. Na yule mwanamume (alikuwapo, na watu walimujua) alinyamaza. Wanaume wa namna ile ni wengi: usiku wanamujua mwanamuke, muchana hawamujui. Tulimuonya huyo dada mbele ya kanisa. Mwanamume hakuonywa na mutu.

Mutoto akazaliwa, kijana mwenye afya. Siku ya yenga aliyoletwa mbele ya Bwana, dada alimufunga mugongoni kwa kitambaa kipya, akaanza kuja mbele kwa mikono yake kama kawaida. Hakufika nusu ya njia. Mama mumoja muzee alisimama, akafungua kitambaa, akamuchukua mutoto na kumuleta mbele yeye mwenyewe. Watu walipiga vigelegele, wakiona kwamba ni huruma. Dada alibaki katikati ya viti, mikono chini, anatazama mutoto wake akibarikiwa katika mikono ya mwingine. Sisi mashemasi tulikuwa tumesimama pale pale. Hakuna aliyesema neno.

Kisha likaja jambo lililo kubwa zaidi. Familia yake ilikuja kwetu. Walitaka mutoto apelekwe Likasi kwa dada mukubwa mwenye miguu mizima. Walisema: huyu hawezi kuteka maji, hawezi kukimbia mutoto akianguka kwenye mbabula, atamulea namna gani? Wakatuomba tuseme neno, kwa sababu neno la kanisa lina uzito. Tulikaa saa moja tu. Tulisema: mutoto aende.

Dada alituambia maneno ambayo hatujayasahau. Alisema: «Munaniuliza nani atanitekea maji. Muke wa shemasi alipozaa mapacha kwa kupasuliwa, wamama wa kanisa walimutekea maji juma sita. Walimufulia, walimupikia bukari. Mbona hamukusema mapacha wapelekwe Likasi?»

Hatukuwa na jibu. Hata hivyo mutoto alienda. Alikaa kule miezi minane. Aliporudishwa maziwa yalikuwa yamekauka, na mutoto alilia kila mara mama yake alipomusogelea, kwa maana hakumujua. Wapendwa, dhambi hii haikufanywa na mapagani. Ilifanywa katika ofisi ya parokia, baada ya maombi, na sisi tunaoandika somo hili tulikuwamo.

Sasa tufungue Maandiko, tuone kama Mungu ndiye aliyetufundisha hukumu ile.

Musome Luka sura ya kwanza. Zakaria ni kuhani, ni muzee, na muke wake Elisabeti hakuwa na mutoto. Kwa kutoamini neno la malaika, Zakaria anakuwa bubu hadi mutoto azaliwe. Tunasoma habari hii kila mwaka karibu na Noeli, lakini tunapita haraka. Mutazame siku ya nane, wakati wa kumutahiri mutoto. Majirani na jamaa wamekusanyika, na wao wamekwisha kuchagua jina: wanataka aitwe Zakaria kama baba yake. Hawakuwauliza wazazi. Mama anakataa, anasema jina ni Yohana. Wanafanya nini? Hawapokei neno la mama. Wanamuambia kwamba katika ukoo hakuna jina la namna ile. Kisha wanamugeukia baba kwa ishara za mikono. Watu wengi hawaoni mustari huu vizuri: Zakaria alipoteza sauti, na hao wanamufanyia ishara kana kwamba hasikii pia. Ndivyo inavyokuwa hata leo. Mutu akiwa na kilema kimoja, watu wanamuongezea vingine. Aliye kipofu tunamusemesha kwa kelele. Aliye kiwete tunauliza jirani yake: anataka kula nini?

Basi muone wazazi wawili katika nyumba moja. Mumoja hasikilizwi kwa sababu ni mwanamuke, mwingine anaonekana si kitu kwa sababu ni bubu, na majirani wenye ndimi nzima wanataka kutoa jina pahali pao. Mungu hakuwapa majirani jina la mutoto, aliwapa wazazi hao. Zakaria aliomba kibao akaandika, na alichoandika ni neno lile lile ambalo muke wake alikuwa amekwisha kusema. Kinywa chake kilifunguka baada ya kuandika. Hakufanya kazi ya baba baada ya kupona. Aliifanya angali bubu.

Tunakaza jambo hili kwa sababu sisi ni kanisa la uponyaji. Tunakumbuka tarehe 6/4/1921, Papa Simon Kimbangu alipoweka mikono juu ya mama Kiantondo katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, naye akapona. Watu walikuja Nkamba kutoka mbali, wamebebwa. Hatuna haya ya ushuhuda huo. Lakini katika mafundisho yetu ya vinywa kumeingia sumu moja: kwamba aliyeombewa na hakupona, ana dhambi iliyofichwa, ao imani yake ni ndogo, na kwa hiyo hastahili kuolewa, kuzaa, ao kusimama mbele ya watoto wake kama mufano. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na sumu ile ile. Katika Yohana 9 waliuliza kama aliyetenda dhambi ni kipofu mwenyewe ao wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Alikataa kabla ya kumuponya. Musome mistari kwa mupango wake.

Wengine wanatuletea Walawi 21, pahali inaposemwa kwamba mwana wa Haruni mwenye kilema hatakaribia mazabahu. Ndugu mumoja alitumia sura hiyo kukataa baba mumoja kipofu asifundishe katekisimo. Tunajibu kwa ufupi: musome hadi mustari wa 22. Mutu yule anakula mukate mutakatifu pamoja na ndugu zake, hafukuzwi mezani. Na hakuna neno hata moja katika sura ile linalomukataza kuoa na kuzaa. Kisha musome Isaya 56, mustari wa 3 hadi wa 5, muone Mungu mwenyewe akimufungulia mulango wa nyumba yake towashi, yeye ambaye watu walimuita muti mukavu.

Tuje kwa Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano wakati habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilipofika. Mulezi wake alimubeba na kukimbia, na katika haraka ile mutoto alianguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Kilema hicho kilitoka katika haraka ya mukimbizi. Hakikutoka kwa Mungu aliyekasirika wala kwa mulozi. Watu wetu wa Kivu na wa Ituri wanajua vizuri mambo ya kukimbia usiku na mutoto mugongoni. Mufalme Daudi alimuweka mezani pake, na sisi wahubiri tunaishia pale, kwa sababu meza ya mufalme inafanya mahubiri mazuri. Lakini 2 Samweli 9:12 inaongeza jambo dogo: Mefiboshethi alikuwa na mutoto kijana, jina lake Mika. Kiwete yule alikuwa baba! Na mukienda 1 Nyakati 8 (pale anaitwa Merib-baali), mutaona ukoo wa Yonathani wote unapita kwa Mika huyo, kizazi baada ya kizazi, hadi wana wa Ulamu, wapiga upinde hodari, wana na wajukuu 150. Kama wazee wa Israeli wangekata hukumu kama yetu ya Likasi, jina la Yonathani lingeishia kwenye miguu ile miwili.

Kwa wamama kuna Lea. Maandiko yanasema macho yake yalikuwa zaifu. Wengine wanaeleza kuwa yalikuwa laini tu, lakini katika hadisi nzima ni wazi kwamba watu walimuona kuwa na upungufu mbele ya dada yake. Baba yake alimupitisha kwa mume gizani, kama bizaa ambayo muuzaji anaogopa kuonyesha muchana. Mume hakumupenda. Lakini Lawi na Yuda ni watoto wa tumbo lake: kutoka Lawi tukapata Musa na Haruni, kutoka Yuda tukapata Daudi, na Bwana wetu kwa jinsi ya mwili.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wanaume hawapendi kusikia. Mwanamume kilema, kama ana kazi ya mikono, anapata muke. Tunao kati yetu washonaji na watengenezaji wa viatu, na wake zao wanawasukuma kwenye kinga ya miguu mitatu hadi kanisani, na tunawasifu wake hao. Mwanamuke kilema hapati mume. Sababu ni kwamba sisi tunamupima baba kwa makuta anayoleta, na mama kwa maji anayobeba kichwani. Mama kwetu ni ndoo, jembe na muchi. Akikosa miguu, tunasema hakuna mama tena. Lakini ni wapi Mungu alipoandika kwamba maji ni kazi ya mwanamuke peke yake? Kisima hakiulizi kama anayeteka ni mwanamume ao mwanamuke.

Papa Simon Kimbangu mwenyewe anatufundisha katika jambo hili. Alipokamatwa mwaka 1921, watoto wake watatu walikuwa wadogo: Kisolokele miaka saba, Dialungana mitano, Diangienda mitatu. Alikaa kifungoni miaka thelathini, akafia hapa kwetu Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, tarehe 12/10/1951. Hakuwalimia watoto wake shamba, hakuwajengea nyumba, hakuwashika mukono. Mikono yake ilikuwa imefungwa na Leta. Ni nani kati yetu atathubutu kusema kwamba hakuwa baba? Na Mama Muilu alichukua kazi mbili, ya mama na ya baba, na juu yake akachunga waamini kwa siri hadi kifo chake mwaka 1959. Tunaomba kwa sauti kubwa kila tarehe ya ukumbusho wao, kisha tunarudi parokiani na kumwambia mama asiyeweza kutembea kwamba malezi ni miguu.

Kuna jambo la pili ambalo lazima tuguse: mama mwenye miguu yake, lakini mutoto aliyezaliwa naye ana kilema. Baba anakimbia. Familia ya mume inauliza: kwa ukoo wenu kuna nini? Mwishowe mutu mumoja anajifanya nabii na kusema mutoto ni mulozi. Sheria ya tarehe 10/1/2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi, na inatoa azabu. Lakini sisi hatungehitaji sheria ya Leta kwa jambo hili. Munajua ugonjwa wa konzo, hasa huko Kwango. Jina lenyewe kwa Kiyaka ni kama kusema miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa. Mutu analala muzima, anaamuka miguu imekakamaa. Watu walisema ni kulogwa. Waganga wa hospitali walikwisha kueleza: ni muhogo muchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, unaoliwa kila siku bila nyama, samaki ao maharagi. Muhogo unavutwa haraka majini kwa sababu ya njaa ao kwa sababu ya soko. Loweka siku tatu, acha haraka. Na polio ni kijidudu kinachozuiwa kwa matone ya chanjo. Mwezi wa nane 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeachana na polio ya asili, lakini polio ile nyingine, inayotokea pahali watoto wengi hawakuchanjwa, iliendelea katika nchi yetu hata baada ya pale. Kwa hiyo wapeleka chanjo wakigonga mulango, wamama wafungue. Mwenye kukataa chanjo halafu anamushitaki bibi wa mutoto kwa ulozi, anajidanganya.

Juu ya haki, tuseme machache. Katiba ya 18/2/2006 inampa kila mutu haki ya kuoa ao kuolewa na kuanzisha jamaa (kifungu cha 40), na kifungu cha 49 kinawapa wazee na walemavu ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu, na tarehe 3/5/2022 ilitolewa sheria kubwa ya kuwalinda. Mama anayezaa bila mwanamume kujitokeza anaweza kwenda mwenyewe kuandikisha mutoto katika ofisi ya vizazi, katika siku 90. Asingoje ndugu wa mwanamume wapate moyo. Tulikuta watoto watatu katika parokia yetu wasio na karatasi kwa sababu tu ofisi ina ngazi, na mama zao walionea haya kupanda kwa mikono mbele ya watu. Shemasi yeyote anaweza kuwasindikiza, na kumuomba mwandishi ashuke.

Sasa turudi kwa dada yetu. Mutoto aliporudi kutoka Likasi, tuliomba musamaha mbele ya kanisa, na yule mama muzee aliyefungua kitambaa aliomba pia, akilia. Hakuwa na moyo mubaya. Dada alituonyesha nyumba yake, na pale tulifundishwa. Vitu vyote viko chini: mukeka, beseni, sufuria, chumvi. Mbabula imezungushiwa matofali sita. Mutoto alipoanza kutambaa, mama yake alitambaa kasi kumupita. Baadaye alimuzoeza kusimama akisikia sauti yake mara moja tu. Wamama wengi wenye miguu, tunawajua, wanaita mara kumi. Jirani yake asiyesikia alituonyesha pia jinsi anavyolala amefunga uzi mwembamba kati ya kidole chake na muguu wa mutoto muchanga, na mutoto akichezacheza usiku anaamuka. Mambo haya hatukufundishwa katika shule ya mashemasi.

Maji anateketewa. Tumefanya liste ya vijana, wanaume pamoja na wanawake, ndoo mbili kila asubui. Mwanzoni vijana wanaume walipita njia ya nyuma wasionekane na ndoo kichwani. Siku hizi wanapita mbele ya soko. Yule mwanamume aliitwa na baraza, na kisha kukataa mara mbili alikubali mutoto na analipa nusu ya makuta ya masomo. Nusu nyingine inalipwa na mama, kwa mukeka anaosuka na kwa bizaa ambazo wenzake wa kinga ya mikono wanamuletea kutoka Kasumbalesa. Mutoto yuko mwaka wa ine wa shule ya msingi. Juma iliyopita alisoma mbele ya kanisa habari ya Zakaria, na pahali pa kibao alisimama kidogo kwa sababu neno lilikuwa gumu, mama yake akamusaidia kutoka kwenye viti vya waimbaji.

Siku ya yenga ya kwanza ya mwezi ujao kutakuwa na watoto wane wa kuletwa mbele ya Bwana. Mumoja wao, mama yake ni kipofu. Atamuleta mwenyewe, mikononi mwake. Tunaomba viti vya upande wa kushoto visogezwe, na mutu asisimame kumusaidia kama hakumuomba. Kwa mulango mukubwa tumeanza kuondoa ngazi tatu na kuweka njia ya kupanda polepole, kwa kinga na kwa magongo. Muchanga uko, matofali yako, sima tulipata mifuko miwili. Wa tatu haujapatikana, na mafundi wanasema bila huo kazi itasimama siku ya tano.